Besi inakimbia feda ikikaa katikati, na mama kwenye siti ya nyuma anaziba masikio

SWALI

Shikamoo mzee wangu fundi.

Naishi Makorora, Tanga mjini, na gari langu ni Toyota IST. Lilipotoka Japani lilikuja na redio yake inayoishia masafa ya 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi nilikuwa sizipati. Nikaitoa, nikaweka skrini ya Android. Redio imekuwa safi, ila spika zilibaki zile za kiwandani, na za milango ya nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa: ile sponji ya pembeni imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni.

Nikampelekea fundi mmoja. Akasema nisihangaike na spika za milangoni, atanitengenezea ubao juu ya buti aweke spika mbili za inchi sita kwa tisa. Boksi lake limeandikwa wati 1000. Akazivuta waya zilizokuwa zinakwenda milango ya nyuma mpaka kwenye ubao, akaziunga kwa kusokota na selotepu. Milango ya mbele hakuigusa.

Tangu hapo sina raha. Mwimbaji namsikia mgongoni, na hata taarifa ya habari nasomewa kutoka nyuma. Sauti nikiipandisha kupita 25, na mwisho wake ni 40, inaanza kukwaruza. Kingine sikielewi kabisa: feda, ile ya kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, nikiipeleka nyuma yote, besi ipo, nikiipeleka mbele yote, besi ipo kidogo, nikiiweka katikati, besi inakimbia, inabaki sauti nyembamba kama ya simu.

Kubwa kuliko yote ni mama. Karibu kila wiki nampeleka Muheza kwa dada yake, na hukaa siti ya nyuma upande wa kushoto ili anyooshe mguu. Anapenda kaswida na taarabu za zamani za hapa Tanga. Sasa ananiambia nizime, eti sauti inampiga kisogoni na masikio yanamuuma. Roho inaniuma, maana muziki wenyewe nilimtengenezea yeye.

Rafiki mmoja anasema ninunue amplifaya. Mwingine anasema ning'oe spika zote za nyuma, muziki wa gari ni wa mbele tu. Nina akiba ya kununua seti moja sasa, na nyingine labda baada ya miezi michache. Naomba unishike mkono: nyuma niweke nini, na niipange vipi?

Mwenye IST, Makorora


JIBU

Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana.

Kabla hujatoa shilingi yoyote, tuanze na hilo la feda, maana limenieleza mengi kuliko yote uliyoandika. Besi ipo mbele, ipo nyuma, inapotea katikati. Hapo spika hazina ubovu. Waya za nyuma zimegeuzwa, chanya imeingia kwenye hasi. Koni, yaani ule uso wa spika unaotetemeka, za mbele zinaposukuma hewa kuja ndani ya gari, za nyuma wakati huohuo zinaivuta. Sauti nzito ina mawimbi marefu, ya hezi 60 yanakaribia mita 6, yanaupita urefu wa IST yenyewe, kwa hiyo msukumo na mvuto vinakutana humo ndani na kufutana. Mawimbi ya sauti ya mwimbaji ni mafupi, hayafutani kirahisi hivyo, ndiyo maana yeye unaendelea kumsikia wakati besi imeshakwenda.

Tena zimegeuzwa zote mbili. Ingekuwa moja tu, hata feda ukiipeleka nyuma yote zingepingana zenyewe kwa zenyewe na besi ungeikosa. Inaelekea kosa lilitokea pale fundi alipozivuta waya mpaka kwenye ubao.

Kulithibitisha unahitaji betri ya volti 1.5, ile ya rimoti. Zima gari, chomoa kabisa waya za spika upande wa redio, kwa sababu betri hairuhusiwi kugusa waya zilizoungwa kwenye redio. Kisha gusisha ncha za betri kwenye zile waya mbili za spika moja, kwa kitambo kidogo tu, huku mwenzako anaitazama koni. Koni ikiruka kutoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika hiyo. Ikizama ndani, ni kinyume chake. Fanya hivyo kwa spika zote nne, za mbele pia, kisha bandika kipande cha plasta kwenye kila waya wa chanya. Upande wa redio, rangi zilizozoeleka kwenye redio za dukani ni nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Waya wenye mstari mweusi ni hasi ya rangi hiyo. Soma na karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa skrini, kwani skrini zinatoka viwanda vingi.

Mkiwa mmefungua hapo, ile selotepu itoeni. Kwa joto la Tanga gundi yake huyeyuka, waya zinabaki uchi, na waya hasi wa spika ukigusa bodi ya gari unaweza kuiua amplifaya ya ndani ya redio. Redio za siku hizi hasi ya spika si sawa na ethi, yaani hasi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Ungeni kwa risasi na mfuniko wa plastiki unaosinyaa kwa moto, au kwa viunganishi vya kubana.

Sasa hizo wati 1000. Redio ya gari inayotegemea amplifaya yake ya ndani inapata volti 14.4 hivi injini ikiwa inawaka. Kwa spika ya omu 4, ndicho kipimo cha ukinzani wake, hesabu ya umeme inagota kwenye wati 26 kwa kila spika, na zile zinazotoka safi ni 18 au 20, hata kama skrini imeandikwa 50 mara nne. Unapopita 25 kwenye skrini, amplifaya imeishiwa, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Usiuzoee. Sauti iliyokatwa namna hiyo ndiyo inayounguza twita, ile spika ndogo ya sauti kali.

Kwa hiyo dukani usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Geuza boksi utafute maandishi madogo: wati za RMS, yaani zile spika inazozimudu muda wote, na unyeti, yaani desibeli zinazotoka kwa wati moja ukipimwa umbali wa mita moja. Spika yenye unyeti wa 91 ukiipa wati 20 itakuwa na sauti sawa na yenye unyeti wa 87 iliyopewa wati 50. Wewe huna 50. Spika nyingi za wati kubwa zina koni nzito zinazosubiri amplifaya ya nje. Kwenye redio tupu zinalala. Tafuta unyeti wa 90 au zaidi, omu 4, RMS kati ya 30 na 60, inatosha.

Umeniuliza nyuma uweke nini, nami nakuomba seti hiyo ya kwanza uipeleke mbele. Hasira yangu yote iko hapo: fundi amewekeza kisogoni kwa watu na kuacha mbele karatasi ya kiwandani iliyochoka, iliyo chini mlangoni, sauti yake kali inaishia gotini kwako. Kisha nyuma kuna twita mbili zinazotazama juu, sauti inagonga kioo cha nyuma na kurudi kichwani kwa mama. Mwaka 1951 Mjerumani Helmut Haas alichapisha utafiti wake kuhusu jambo hili: sauti moja ikitufikia kutoka sehemu mbili, sikio huihesabu ile iliyotangulia kuwa ndiyo chanzo, hata inayochelewa kwa milisekunde chache ikiwa kubwa kuizidi. Ila kuna kikomo, nacho ni kama desibeli 10. Mbele yako kumefifia na nyuma kunapiga kelele, kwa hiyo kikomo hicho umekipita, na msomaji habari amehamia kwenye buti.

Nunua za inchi sita na nusu zenye twita zilizotengana, twita uzipandishe juu karibu na kioo cha pembeni, zikitazamana kidogo. Zile za kiwandani za mbele usizitupe. Pima tundu za milango ya nyuma, na kama zinalingana, zihamishie huko kwa muda. Toyota huzifunga kwa riveti, kwa hiyo zitatobolewa kwa drili taratibu, kisha nyuma zifungwe kwa skrubu. Karatasi yake ni nyepesi, redio inaimudu bila shida, na sauti zake kali ni za upole. Mama atapata nafuu mapema, na wewe utakuwa na miezi yako ya kujikusanya.

Ule ubao uutoe. Kwenye gari la buti la wazi kama IST, spika iliyo juu ya ubao haina chumba kilichozibwa chini yake. Hewa ya mgongo wa koni inazunguka na kufuta besi ya mbele ya koni. Sita kwa tisa ni spika nzuri mahali pake, kwenye gari la saluni lenye bati la nyuma na buti lililofungwa. Halafu kuna usalama: ubao wenye sumaku mbili nzito, usiofungwa kwa bolti, gari likifunga breki ya ghafla kule Pongwe, unakwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha aliyekaa nyuma. Spika zenyewe ziuze zikiwa bado na boksi lake.

Seti ya pili itakapofika, kwa milango ya nyuma chukua za inchi sita na nusu, twita ikiwa katikati ya koni. Hapo sitaki hata zilizotengana, ni gharama isiyo na faida. Ninachokisisitiza ni kwamba ziwe za kampuni ileile na toleo lilelile la zile za mbele, ili twita ziwe za kitu kimoja. Ukiweka mbele twita ya hariri na nyuma ya chuma, mwimbaji mmoja anakuwa na makoo mawili. Kwa mama mimi ningechagua ya hariri pande zote, maana masikio ya mtu mzima mara nyingi hukereka haraka na sauti kali ikizidi, hata kama sauti ndogo haisikii vizuri.

Kwa mji wetu wa pwani angalia pia spika imetengenezwa kwa nini. Umeshaiona sponji ilivyofanywa na joto na unyevu. Chagua raba pembeni na koni ya plastiki. Mvua ikinyesha, maji huteremka ndani ya mlango kupitia ufito wa kioo, hiyo ni kawaida ya kila gari, kwa hiyo ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya paneli ya mlango irudishwe mahali pake, isichanwe na kuachwa inaning'inia kama mafundi wengi wanavyofanya. Ringi ya kuongezea nafasi iwe ya plastiki. Ile ya mbao za kubanwa hunyonya maji na kuvimba. Kabla ya kutoboa chochote, shusha kioo mpaka mwisho upime kina, sumaku isije ikagongana nacho. Pakiwa na matundu makubwa kwenye bati la ndani la mlango, yazibe kwa shiti za raba zenye karatasi ya alumini. Kwa besi ya mlangoni, shiti hizo zina faida kuliko kupanda daraja la spika.

Rafiki yako anayesema ung'oe za nyuma hakosei, kwa mtu anayeendesha peke yake. Wewe hauko peke yako. Mama akikaa nyuma bila spika za nyuma, utapandisha za mbele ili asikie, kisha wewe ndiye utakayeumia. Za nyuma zinahitajika kwa ajili yake, na kazi ya spika hizo ni kumfikishia maneno kwa sauti ndogo, karibu naye. Besi si kazi ya spika hizo.

Kupanga. Gari lisimame mahali patulivu, injini inawaka, vioo vimefungwa. Ikwalaiza yote, pale pa kupandisha na kushusha sauti nzito na kali, irudi sifuri, na ile lodinesi inayokuza besi izimwe, vinginevyo utakuwa unarekebisha makosa ya kitu kingine. Tafuta kwenye skrini ukurasa wa krosova, yaani kichujio cha sauti zipi ziende spika ipi. Spika za mbele zikate chini ya hezi 80, za nyuma chini ya 120. Usiogope, besi haitapotea kwa sababu hiyo. Spika ndogo ikiondolewa mzigo wa sauti nzito, za katikati zinakuwa safi na redio inachelewa kukwaruza. Kama skrini yako haina ukurasa huo, weka kapasita isiyo na chanya na hasi kwenye waya chanya wa kila spika ya nyuma. Kwa spika ya omu 4, mikrofaradi 330 inakata kuanzia hezi 120 hivi, polepole kuliko krosova ya skrini lakini inasaidia.

Feda ipeleke mbele yote. Weka wimbo wa zamani wa mono. Nyimbo nyingi za santuri za miaka ya 1960 na 1970 za hapa kwetu, za Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star au Lucky Star, zinafaa kabisa kwa sababu mono haina kushoto wala kulia: mwimbaji lazima asimame sehemu moja. Ukimsikia mlangoni kwako kulia, ni kwa sababu spika hiyo iko karibu nawe. Hapo unaingia ukurasa wa ucheleweshaji. Pima kwa futi ya cherehani kutoka sikioni hadi kila spika. Tuseme kwa mfano mbele kulia ni sentimita 85, mbele kushoto 135, nyuma kulia 95, nyuma kushoto 150. Sauti hutembea sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja. Ya mbali kuliko zote haicheleweshwi. Nyingine unachelewesha kwa tofauti yake: mbele kushoto 0.4, nyuma kulia 1.6, mbele kulia 1.9. Geuza namba kidogokidogo mpaka mwimbaji asogee katikati ya dashibodi. Atasogea, na siku hiyo utafurahi.

Sasa ipandishe feda kuelekea nyuma taratibu. Pale utakapoanza kuzitambua spika za nyuma kuwa zinalia, rudisha hatua mbili. Usizisikie kama spika. Uzikose tu ukizizima. Skrini ikiruhusu, ongeza milisekunde 5 hadi 10 kwenye zote mbili za nyuma, mwimbaji atabaki mbele hata ukizipandisha zaidi. Ukizidisha, maneno ya habari yataanza kuwa na mwangwi, basi punguza.

Mpangilio huo ni wako. Wa mama ni mwingine, na huwezi kuupanga ukiwa umekaa kwenye usukani. Hamia siti ya nyuma kushoto, kaa kama anavyokaa yeye, mguu umenyooka. Mara nyingi kichwa kinakuwa karibu sana na spika ya mlango huo kuliko unavyodhani. Punguza spika ya nyuma kushoto peke yake desibeli 2 au 3, na kwenye ikwalaiza shusha kidogo kati ya hezi 2,000 na 4,000, ndiko ukali unaochoma masikio uliko. Kisha mwite yeye mwenyewe akae. Mwekee kaswida anayoijua, usimuulize kama ni nzuri, maana mzazi atakwambia nzuri mwanangu ili usihangaike. Muulize maneno gani yameimbwa. Akiyarudia yote bila kuinama wala kugeuza sikio, umefika.

Amplifaya isubiri. Ukimaliza haya na bado ukaitaka, chukua ndogo ya njia nne, wati 50 za RMS kila njia, na fyuzi ya waya mkuu iwekwe jirani na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye ncha yake ya chanya. Fundi akikwambia fyuzi ya kwenye amplifaya yenyewe inatosha, tafuta fundi mwingine, kwani waya ukichubuka katikati ya safari hakuna kitakachouzuia kuwaka.

Hifadhi mipangilio hiyo miwili kwa majina tofauti, kisha piga picha kwa simu kila ukurasa wa namba zake. Baadhi ya skrini za Android hufuta mipangilio betri ya gari ikichomolewa, na fundi umeme ataichomoa tu siku moja.